Kasoro Iliyofichika

Katika mashauri yanayozuka baina ya mwenye nyumba na mkandarasi wake, hakuna istilahi iliyobeba mzigo mzito kuliko ile ambayo mawakili waliosomea sheria kwa Kiingereza huiita latent defect, nayo ni upungufu wa kazi uliokuwamo tangu siku nyumba ilipokabidhiwa, illa jicho la mkaguzi mwangalifu lisingeweza kuuona. Kiswahili kimeipokea kwa maneno kasoro iliyofichika, nami naiona tafsiri hii kuwa bora kupita asili yake, maadamu waitumiao hawataiharibu.

Tuanze na kasoro. Lugha yetu si fukara katika mlango huu: tuna ila, tuna dosari, tuna hitilafu, na mtu wa pwani asiyetaka kumvunjia fundi heshima husema tu kwamba nyumba ile ina walakini. Tungeweza hata kutwaa aibu, kwa kuwa asili yake ya Kiarabu ndiyo waitumiayo mafakihi wa Kiislamu pale wanapompa mnunuzi hiyari ya kuirudisha bidhaa yenye ila asiyoijua. Lakini neno hilo lilipotua kwetu liliacha bidhaa likahamia katika nyuso za watu, na ukuta hauoni haya. Kasoro inayashinda yote kwa sababu ni neno la hesabu. Tunasema saa mbili kasoro robo, yaani kiasi kinajulikana na kilichopungua kinajulikana. Na ndivyo kadhi au hakimu anavyopaswa kupima, kwani haulizi kama nyumba inapendeza, bali huuliza mkataba na michoro viliagiza nini, na kilicholetwa kimepungua wapi. Aliyeahidi nondo za milimita 16 akatia za milimita 12 ana kasoro, hata kama nyumba imesimama.

Sasa tulitazame hilo la pili, ambalo ndilo lenye utajiri. Chukua nyumba iliyojengwa karibu na bahari, ambayo zege lake lilichanganywa kwa mchanga wa ufukweni usiosafishwa chumvi. Siku ya makabidhiano lipu ni laini, rangi inang'aa, na mwenye nyumba anashukuru. Kipindi cha matazamio, ambacho aghalabu ni miezi 6 au 12, kinapita pasipo lawama. Kumbe chumvi inaila nondo polepole ndani ya nguzo, na kutu, ambayo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokitafuna, inalisukuma zege hata baada ya miaka mingi lipasuke na kumwagika vipande. Kasoro hiyo imefichika. Lakini ikiwa msimamizi aliiona nguzo yenye mashimo baada ya kuvua mbao, akaamuru ipakwe lipu upesi kabla mwenye mali hajafika, hiyo haikufichika: imefichwa. Kiingereza hutumia neno lile lile moja kwa hali zote mbili, kisha hulazimika kuongeza maelezo; Kiswahili hutenganisha kwa kiambishi kimoja cha mwisho wa kitenzi, hii ikisema hali, ile ikimtafuta mtenda.

Tofauti hiyo si pambo la sarufi, kwani juu yake husimama muda wa kushtaki. Kwa sheria za Kenya na za Tanzania, madai ya mkataba hufunguliwa ndani ya miaka 6 na madai ya madhara ndani ya miaka 3, na ile miaka 6 huhesabiwa tangu mkataba ulipovunjwa, si tangu mdai alipojua. Ukali wa kuhesabu muda pasipo kujali mdai alijua lini ulidhihirika Uingereza katika shauri la uzembe baina ya kampuni ya Pirelli na wahandisi wake: dohani ilijengwa mwaka 1969, ikapata nyufa huko juu kabla ya Aprili 1970 kwisha, zikaonekana mwaka 1977, na Baraza la Malodi likaamua kwamba mlango ulikwisha kufungwa kabla mwenye dohani hajajua kwamba ana la kudai. Dhuluma hiyo iliwachoma watu, hata Bunge lao likatunga sheria ya mwaka 1986 inayompa mdai wa uzembe miaka 3 tangu kujua, bila kupita miaka 15 tangu kosa.

Lakini palipo na ulaghai, sheria zetu zenyewe huusimamisha muda mpaka siku mdai alipougundua, au alipoweza kuugundua kwa bidii ya kawaida. Basi mtu aliyechelewa miaka 8, ambaye kasoro yake ilifichika tu, huenda akarudi nyumbani mikono mitupu, hali jirani yake, aliyefichiwa, bado anasikilizwa.

Kwa hiyo nawasihi wanaoandika hati za madai kwa Kiswahili wasiyabadilishane maneno haya kana kwamba ni mapacha: waandike iliyofichika pale ambapo maumbile ya kazi ndiyo yaliyositiri, na waandike iliyofichwa pale tu wanapoweza kumtaja aliyeficha na kuleta ushahidi wake.