Foleni ya Chanjo Hadi Ufipa

Septemba 2023 wachanjaji walipita nyumba kwa nyumba Sumbawanga, kwenye nyanda za Ufipa mkoani Rukwa, wakateremka ukuta wa Lyamba lya Mfipa hadi Muze na Mtowisa, na upande wa pili wakafika mialo ya Kirando na Kabwe, Ziwa Tanganyika. Matone mawili mdomoni, wino kwenye kidole cha mtoto, alama ya chaki mlangoni. Kampeni za polio kwa kawaida huishia miaka mitano. Hii iliwataka wote walio chini ya miaka minane, hata waliokwisha kuanza shule.

Umri huo ulitokana na Aprili 2016. Mwezi huo dunia iliacha matone yenye aina zote tatu za kirusi cha polio, ikabaki na yenye aina mbili. Kirusi pori cha aina ya pili kilikuwa kimetokomezwa, na kile kilichofifishwa cha kwenye chanjo kiliweza, penye watoto wengi wasiochanjwa, kuzunguka hadi kikarudia ukali. Pengo la kinga ya aina ya pili lingezibwa kwa chanjo ya sindano.

Sindano hazikutosha. UNICEF ilinunua kwa viwanda viwili tu, cha Ufaransa na cha Uholanzi, navyo vilishindwa kutoa kiasi kilichoahidiwa. Foleni ikapangwa kwa kupima hatari, nchi zenye polio ya karibuni zikatangulia. Tanzania, ambayo mgonjwa wake wa mwisho wa kirusi pori alikuwa wa mwaka 1996, ilisubiri hadi 2018.

Ni vigumu kulaumu uamuzi wa kupeleka dozi chache penye moto. Kasoro yake ni kwamba nchi nzima ilihesabiwa kama kitu kimoja. Mtoto wa Kirando, anayetazamana na Kongo ng'ambo ya ziwa, alisimama nafasi ile ile na wa Dar es Salaam, wakati mitumbwi ya samaki na ya biashara haina foleni.

Machi 2023 Burundi ilitangaza mlipuko wa aina ya pili. Miezi michache baadaye ukathibitishwa Rukwa, kwa mtoto wa mwaka mmoja na miezi 11. Alizaliwa sindano zikiwa zimeshafika nchini, lakini waliomtangulia wengi hawakuwahi kupata matone ya aina ile, na matone ndiyo yanayozuia vizuri kirusi kisipite tumboni kwa mtoto hadi kwa mwingine.

Matone mapya ya aina ya pili, yaliyohitajika kuzima mlipuko huo, hayaagizwi kama chanjo za kawaida. Yalikaa kwenye akiba ya dunia, na nchi huyapata kwa kibali cha Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani. Yaligawiwa mikoa sita: Rukwa, Katavi, Kigoma, Kagera, Songwe na Mbeya, kwa zaidi ya watoto milioni 3.

Safari ya chanjo Ufipa inaijua. Tangu Mpango wa Taifa wa Chanjo uanze mwaka 1975, dozi zimekuwa zikitoka Dar es Salaam, na kwa miaka mingi kilometa 224 kutoka Tunduma hadi Sumbawanga zilikuwa vumbi na matope, hadi lami ilipowekwa kwa fedha za Marekani. Zahanati zilitegemea majokofu ya mafuta ya taa: utambi ukianza kutoa moshi, ubaridi ulipungua. Mwaka 2023 masharti ya matone mapya yaligeuza safari hiyo pia. Kila kichupa cha matone, kitupu au kizima, kilitakiwa kupandishwa tena kutoka bondeni, kihesabiwe.