Askari wa Mwili na Uvimbe wa Saratani

Juma lililopita tulizungumza juu ya chembe nyeupe za damu, nikaziita askari wa mwili. Baada ya somo bwana mmoja aliniuliza hivi: ikiwa tunao askari, mbona uvimbe wa saratani hukua mle mle ndani, na wao wapo? Swali hilo liliwasumbua matabibu kwa zaidi ya miaka mia.

Mwaka 1863, huko Berlin, Dr. Rudolf Virchow alitazama vipande vya uvimbe kwa darubini akaona chembe nyeupe humo ndani. Akadhani saratani huanza mahali palipokaa na uvimbe na maumivu kwa muda mrefu. Hakuweza kuthibitisha, na jambo likalala.

Sasa twende New York. Mwaka 1890 daktari kijana, William Coley, alimtibu msichana mwenye saratani ya mfupa mkononi. Akamkata mkono, lakini haikufaa. Msichana akafa Januari 1891. Coley hakutulia. Akafukua madaftari ya zamani ya hospitali, akakuta habari za mtu aliyepasuliwa uvimbe shingoni mara kadhaa, nao ukarudi kila mara. Kisha mtu huyo akashikwa na homa kali ya vijidudu vya ngozi, na uvimbe ukayeyuka wenyewe. Coley akamtafuta mjini mtaa kwa mtaa, akamkuta mzima, miaka saba baadaye!

Mwezi Mei 1891 akamdunga mgonjwa mwingine vijidudu vile vile, makusudi. Fikirini jambo lenyewe: kumtia mtu homa ya kufa na kupona, siku ambazo penisilini haijajulikana. Mgonjwa yule aliugua sana, lakini uvimbe ukapungua, akaishi miaka kama minane zaidi. Wengine waliofuata waliuawa na homa ile ile, ndipo Coley akageukia vijidudu vilivyokwisha kuuawa kwa joto. Mimi siwezi kumlaumu, wala nisingependa kuwa mgonjwa wake. Dawa yake iliwafaa baadhi tu, naye hakuweza kueleza sababu. Eksirei ilipokuja madaktari wengi wakaifuata hiyo. Coley akafa mwaka 1936, na wenzake wengi hawamsadiki.

Sasa nimjibu yule bwana. Askari hawa wana kazi mbili: kupigana na adui, na kujenga palipobomoka. Ukijikata kwa jembe, chembe kubwa ziitwazo makrofaji hula uchafu, kisha huita mishipa mipya ya damu ili nyama iote. Kidonda kikifunga, kazi imekwisha. Mwaka 1986 Dr. Harold Dvorak wa Boston aliandika kwamba uvimbe wa saratani ni kama kidonda kisichofunga. Makrofaji huitwa, hufika, na mara nyingi hudanganyika wakaanza kujenga. Mishipa wanayoileta ndiyo inayoulisha uvimbe. Tena huwazuia ndugu zao, chembe T, ambazo zingeweza kuua saratani.

Chembe T nazo zina breki, kama baiskeli, zisije zikaushambulia mwili wenyewe. Uvimbe hujua kuikamata breki hiyo. Huko Kyoto, Japani, Tasuku Honjo na wenzake waligundua breki moja mwaka 1992. Mwaka 1996, huko California, James Allison na wenzake waliilegeza breki nyingine katika panya, na uvimbe ukatoweka. Mwaka 2011 Marekani iliruhusu dawa ya kwanza ya namna hiyo, kwa saratani ya ngozi iitwayo melanoma, na mwaka 2018 mabwana hao wawili wakapewa Tuzo ya Nobel.

Dawa hizo haziwaponyi wote, na bei yake ni kubwa mno. Tena breki ikilegea, wapo wagonjwa ambao askari wao huwageukia na kuwashambulia matumbo, ngozi, hata mapafu. Kwa hiyo daktari humchungulia mgonjwa wake kwa miezi mingi, akiogopa uvimbe upande mmoja na askari upande wa pili.