Wateja watarajiwa: Jinsi ya kuunganisha orodha nyingi kuwa moja

Na Mwandishi Wetu, Shinyanga

WAHENGA walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakutuambia lolote kuhusu mwenye madaftari manne yanayopingana.

Chukua mfano wa mfanyabiashara wa mjini Kahama anayeuza kompresa, vipuri vya karasha na pampu za kuvuta maji katika maduara ya wachimbaji wadogo. Anayo orodha ya watu walioacha namba zao bandani kwake katika Maonesho ya Kitaifa ya Teknolojia ya Madini, yaliyoanza kufanyika mjini Geita mwaka 2018. Orodha ya pili imetokana na tangazo lake katika Facebook, ya tatu imetoka katika fomu ya Google, na ya nne ni majina yaliyohifadhiwa katika simu ya msaidizi wake wa dukani.

Siku ya kutangaza kompresa mpya, anazitumia zote nne. Mchimbaji wa Nyarugusu anapata ujumbe ule ule mara tatu. Mwingine wa Katoro, ambaye aliomba asitumiwe tena matangazo, anaupata vilevile, kwa kuwa ombi lake liliandikwa katika orodha moja tu. Wa tatu, aliyekuwa na fedha mkononi na haja ya kununua, hapati kitu, kwa sababu namba yake iliharibika faili lilipofunguliwa kwenye kompyuta.

Makala haya yanaeleza namna ya kuziunganisha orodha za aina hiyo, kuzisafisha, na kuwa na orodha moja inayoaminika.

Maana ya kazi yenyewe

Mteja mtarajiwa ni mtu aliyeonyesha kwa hiari yake kwamba angependa kujua bei au sifa za bidhaa, ingawa bado hajanunua. Taarifa zake zinapotolewa katika mtandao au simu huja katika faili la jedwali: mstari mmoja kwa kila mtu, na safu moja kwa kila aina ya taarifa, kama vile jina, simu, mahali na tarehe.

Mara nyingi faili hilo huwa la CSV, yaani maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa alama ya mkato. Huweza kufunguliwa kwa Excel, LibreOffice au programu ya majedwali ya Google.

Kuunganisha ni kuyaweka mafaili hayo pamoja. Kusafisha ni kuzifanya taarifa zote ziandikwe kwa namna moja, kisha kuondoa marudio. Anayeunganisha bila kusafisha hupata orodha ndefu zaidi, lakini si bora zaidi.

Simu ndiyo kitambulisho

Katika biashara ya kanda hii, kitu kinachomtofautisha mteja mmoja na mwingine kwa urahisi zaidi ni namba ya simu. Lakini namba hiyo hiyo huandikwa 0700 000 000, +255700000000, 255-700-000-000 au 700000000. Kwa binadamu hiyo ni namba moja. Kwa kompyuta ni nne, na amri ya kuondoa marudio haitaona kosa lolote.

Tatizo la pili husababishwa na Excel yenyewe. Ikiona tarakimu tupu, hudhani ni kiasi cha kitu, hivyo huifuta sifuri ya mwanzo. Namba yenye tarakimu 12, inayoanza na 255, huweza kuonyeshwa kwa ufupisho wa kihesabu kama 2.557E+11. Faili likihifadhiwa upya kama CSV likiwa katika hali hiyo, tarakimu zilizofichwa hupotea moja kwa moja.

Madhara ni makubwa zaidi kwa Namba ya Utambulisho wa Taifa inayotolewa na NIDA, ambayo ina tarakimu 20. Ikiandikwa bila vistari, Excel huhifadhi tarakimu 15 za kwanza tu, na tano za mwisho hugeuka kuwa sifuri.

Dawa yake ni kutolifungua faili kwa kulibofya tu. Fungua kwanza jedwali tupu, liingize faili kupitia sehemu ya kuleta data, na uchague kuwa safu za simu na vitambulisho zisomwe kama maandishi.

Baada ya hapo, fuata kanuni moja. Ondoa nafasi, vistari na alama zote, ikiwamo herufi p na nukta mbili ambazo Facebook huziweka mbele ya namba. Kama zimebaki tarakimu 10 na ya kwanza ni sifuri, badilisha sifuri hiyo kwa 255. Kama zimebaki tisa na ya kwanza ni 6 au 7, ongeza 255 mbele. Kama ni 12 na zinaanza na 255, iache. Namba yoyote isiyoingia katika makundi hayo iwekwe kando na kukaguliwa kwa macho. Huenda ni ya mteja wa Rwanda au Uganda.

Usijaribu kukisia mtandao wa mteja kwa tarakimu za mwanzo. Tangu Machi 2017 Mtanzania anaweza kuhama mtandao bila kubadili namba. Aidha, kampuni iliyojulikana kama Tigo ilibadili jina na kuitwa Yas mwaka 2024, hivyo orodha ya zamani na mpya zinaweza kutaja kitu kimoja kwa majina mawili.

Majina ya mahali yaliyohama

Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo, Bukombe ilikuwa Mkoa wa Shinyanga, Geita yenyewe ilikuwa Mwanza, na Chato ilikuwa Kagera. Mwaka huo huo Maswa, Meatu na Bariadi zilitoka Shinyanga na kuingia katika Mkoa mpya wa Simiyu.

Kwa hiyo mteja wa Ushirombo anaweza kuonekana katika daftari la zamani kuwa mkazi wa Shinyanga na katika orodha ya maonesho kuwa mkazi wa Geita, ilhali hajahama nyumba.

Tahajia nayo ina mitego yake. Runzewe wengine huandika Lunzewe, na Rwamgasa huandikwa pia Lwamgasa. Nyang'hwale hupoteza mara ritifaa, mara herufi h. Hata jina la Mwanamalundi, mtu mashuhuri wa historia ya Usukuma, huandikwa pia Ng'wanamalundi, na yote mawili yanakubalika.

Njia nzuri ni kutengeneza jedwali dogo la pembeni. Upande wa kushoto weka kila namna jina la mahali lilivyoandikwa, na upande wa kulia weka jina moja mlilokubaliana, pamoja na wilaya na mkoa wa sasa. Programu ya bure ya OpenRefine husaidia kukusanya pamoja majina yanayofanana, lakini uamuzi ubaki kwa mtu anayezijua sehemu hizo.

Kulwa si Doto

Hapa ndipo haraka inapoleta hasara. Masanja wa Katoro si lazima awe Masanja wa Kakola. Majina kama Mabula, Shija na Masanja ni ya watu wengi, hivyo kufanana kwa jina pekee si ushahidi.

Vivyo hivyo, kufanana kwa namba si ushahidi kamili. Wachimbaji wa duara moja wanaweza kuandikisha simu ya kiongozi wao. Kulwa na Doto, majina wanayopewa mapacha kwa Wasukuma, wanaweza kuwa na jina moja la baba, duka moja na namba moja ya duka. Kompyuta ikiamriwa kufuta kila namba inayojirudia, pacha mmoja atatoweka.

Kanuni salama ni hii: namba moja na jina moja, unganisha, namba moja na majina mawili, kagua, jina moja na namba mbili, usiunganishe mpaka uwe umeuliza, maana mwenye laini mbili ni mmoja lakini wenye jina moja ni wengi.

Hatua za kufuata

Kwanza, hifadhi nakala za mafaili yote kama yalivyotoka na usiziguse tena. Kazi yote ifanyike katika nakala nyingine.

Pili, hesabu mistari ya kila faili na uandike idadi yake.

Tatu, linganisha vichwa vya safu. Faili moja likisema "Simu", jingine "Namba" na la tatu "Mawasiliano", chagua neno moja.

Nne, ongeza safu mbili: chanzo cha taarifa na tarehe iliyopatikana. Tarehe iandikwe kwa kuanza na mwaka, kwani 03/04/2025 kwa mmoja ni Aprili 3 na kwa mwingine ni Machi 4.

Tano, safisha simu, majina na mahali kwa kanuni zilizotajwa, na uondoe nafasi zilizojificha mwanzoni na mwishoni mwa maneno.

Sita, unganisha na utafute marudio. Mistari miwili ya mtu mmoja isifutwe ovyo. Chukua taarifa mpya zaidi, na nafasi iliyo tupu ijazwe kutoka katika mstari wa pili.

Saba, hesabu tena. Tuseme mafaili manne yalikuwa na mistari 1,000. Ikiwa imebaki 640 na marudio ni 300, basi 60 lazima iwe imewekwa kando kwa ukaguzi. Hesabu isipotimia, kuna watu wamepotea.

Hatua hiyo ya mwisho si mzaha. Mwaka 2020 idara ya afya ya umma ya England ilichelewa kuripoti wagonjwa 15,841 wa Covid-19, kwa sababu taarifa zilipitishwa katika faili la zamani la Excel lisilopokea zaidi ya mistari 65,536. Iliyozidi iliachwa nje bila kelele.

Aliyesema hapana

Kati ya taarifa zote, ile ya mtu aliyekataa ndiyo inayopaswa kulindwa zaidi. Orodha zinapounganishwa, aliyefutwa katika moja hufufuka kupitia nyingine.

Ndiyo maana jina la aliyekataa halifutwi tu. Namba yake huwekwa katika orodha ya pekee ya wasiotaka kutafutwa, na orodha kuu hupitishwa hapo kila kabla ya ujumbe kutumwa.

Hilo si suala la adabu peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inampa mtu haki ya kuzuia taarifa zake zisitumike kwa matangazo ya biashara. Sheria hiyo pia inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa binafsi kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na taarifa zitumike kwa lengo lile lililokusanyiwa.

Kwa maana hiyo, muuza pampu asiye na sababu ya kuwa na namba ya NIDA ya mteja wake aifute safu hiyo badala ya kuisafisha.

Katika ukanda wa dhahabu kuna sababu nyingine ya kuwa makini. Orodha yenye majina, simu na mahali pa wenye makarasha na wanunuzi wa dhahabu ni ramani ya watu wanaodhaniwa kuwa na fedha. Ikiachwa kwenye kompyuta ya duka la steshenari baada ya kuchapishwa, au ikirushwa katika kundi la WhatsApp, huweza kumfikia tapeli anayetuma ule ujumbe uliozoeleka wa "ile hela tuma kwenye namba hii", safari hii akimtaja mlengwa kwa jina lake.

Faili liwekewe nywila, litunzwe na mtu mmoja anayejulikana, na nakala zilizokwisha kazi zifutwe.

Mfanyabiashara wetu wa Kahama akifanya hayo, orodha yake itakuwa fupi kuliko zile nne zikijumlishwa. Mchimbaji wa Nyarugusu atapata ujumbe mmoja. Yule wa Katoro hatasumbuliwa. Na aliyekuwa akisubiri kununua, simu yake italia.