Shati Chini ya Kilti: Mila, Jeshi na Macho ya Wageni

Mskoti anayevaa kilti mbele za watu huulizwa, mapema au baadaye, amevaa nini ndani. Humuuliza wageni wenzake arusini, abiria wa treni, watalii katika mitaa ya Edinburgh. Mara nyingi aulizaye amekwisha kujijibu moyoni: Mskoti halisi havai kitu. Makala haya yanapinga jibu hilo, na yanapinga zaidi dhana inayolibeba, kwamba kukaa bila nguo ya ndani ni mila ya kale ya watu wa Nyanda za Juu za Uskoti. Ninadai mambo matatu. Wazee hao walivaa kitu ndani, na kitu hicho kilikuwa shati. Desturi ya kilti isiyo na nguo ya ndani ilikomaa jeshini. Na swali lenyewe lilizaliwa machoni pa watu wa nje, halikutoka kwa wavaaji.

Nianze na vazi, maana mabishano mengi hupotea hapo. Kilti tunayoiona leo, yenye marinda yaliyoshonwa nyuma na kitambaa bapa kinachopishana mbele, ni changa. Iliyoitangulia iliitwa kwa Kigaeli féileadh mòr, kilti kubwa, nayo ilienea tangu mwishoni mwa karne ya 16. Haikuwa na mshono wa kiunoni wala kifungo. Ilikuwa shuka zito la sufu lenye urefu wa mita kadhaa. Mvaaji aliweza kulitandaza chini juu ya mkanda, akalikunja kwa mikono, akalala juu yake, akafunga mkanda kiunoni na kuinuka. Nusu ya chini ilimfika magotini. Nusu ya juu aliitupia begani, na mvua ikinyesha alijifunika nayo kichwa. Usiku alifungua mkanda, na shuka lile lile likawa blanketi lake.

Ndani ya shuka alivaa léine, shati refu la kitani. Mwanahistoria Mskoti John Mair, katika kitabu chake cha mwaka 1521, aliwaeleza watu wa Nyanda za Juu kuwa ni watu walioacha wazi miguu yao kuanzia katikati ya muundi, wakajitanda joho kwa nje na kuvaa ndani shati lililotiwa rangi ya zafarani. Shati hilo ndilo ufunguo wa suala zima. Katika Ulaya ya karne zile wanaume wengi hawakuwa na chupi kwa maana tuliyonayo sasa. Shati ndilo lililokuwa nguo ya ndani: lilishuka hadi mapajani au chini zaidi, na ncha zake ziliweza kupitishwa katikati ya miguu. Mkulima wa Ufaransa aliyevaa suruali na mchungaji wa Uskoti aliyevaa shuka walikuwa sawa katika jambo hili. Kumwuliza mchungaji yule kama alivaa chupi ni kumpima kwa kipimo ambacho hata jirani yake mwenye suruali hakuwa nacho.

Vita vinatupa ushahidi wa wazi zaidi. Pigano la mwaka 1544 kando ya ziwa Loch Lochy, kati ya ukoo wa Fraser na ukoo wa MacDonald wa Clanranald, linakumbukwa kwa jina la Blàr na Léine, ambalo kwa mapokeo hufasiriwa kuwa pigano la mashati: jua lilikuwa kali, wapiganaji wakavua nguo nzito na kupigana kwa mashati. Wapo wanaolifasiri jina hilo vingine, wakilihusisha na neno la uwanda wenye majimaji, na sina haja ya kuwapinga. Kwa Killiecrankie, mwezi Julai 1689, habari iko thabiti zaidi. Wapiganaji wa Nyanda za Juu walitupa mashuka yao kabla ya kuteremka mlimani kuwashambulia askari wa serikali. Mtu aliyevua kilti yake siku ile alibaki na vazi mwilini. Hilo peke yake linatosha kuonyesha kwamba kilti haikuwa pazia lililotundikwa juu ya utupu. Ilikuwa nguo ya juu, mfano wa koti.

Isitoshe, watu wa Nyanda za Juu walikuwa na suruali pia. Waungwana waliosafiri kwa farasi walivaa truis, suruali ya kubana, wakati mwingine wakijitanda shuka juu yake. Sura ya Mskoti mmoja asiyebadilika, mwenye vazi moja na desturi moja tangu zama za mababu, haiungwi mkono na kumbukumbu hizi.

Kilti ndogo, féileadh beag, inatokea mwanzoni mwa karne ya 18: nusu ya juu ya shuka imeondolewa, imebaki ya chini. Barua iliyochapishwa mwaka 1785 inadai kwamba aliyeibuni ni Thomas Rawlinson, Mwingereza wa madhehebu ya Quaker aliyeendesha tanuru la kuyeyusha chuma huko Glengarry, kwa sababu wafanyakazi wake walitatizwa na shuka refu. Mwanahistoria Hugh Trevor-Roper alilishika dai hilo kwa nguvu katika sura yake maarufu ya kitabu cha The Invention of Tradition cha mwaka 1983. Wanahistoria wengine wanashikilia kwamba nusu ya chini ilikuwa ikivaliwa peke yake kabla ya Rawlinson. Kwa hoja yangu, mbunifu ni nani si jambo kubwa. Kubwa ni kwamba vazi lilipofupishwa na kuwa jepesi, upepo ulipata nafasi ambayo haukuwa nayo.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wana sababu ya kukijua kitabu hicho. Mhariri wake mmoja, Terence Ranger, alikuwa profesa wa kwanza wa historia katika chuo kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1975 alichapisha utafiti juu ya ngoma ya beni. Miongoni mwa vikundi vya beni vya Mombasa kimoja kilijiita Scotchi, kwa jina la Waskoti. Vijana wa pwani walikuwa wamekutana na Mskoti akiwa askari anayepiga gwaride, na ndiye huyo waliyemwingiza katika ngoma yao. Dunia nzima ilikutana naye hivyo hivyo.

Sababu ni sheria. Baada ya jeshi la wafuasi wa ukoo wa Stuart kushindwa Culloden tarehe 16 Aprili 1746, Bunge la Uingereza lilipiga marufuku mavazi ya Nyanda za Juu kwa wanaume na wavulana. Adhabu ya kosa la kwanza ilikuwa kifungo cha miezi sita. Ya kosa la pili, kupelekwa uhamishoni ng'ambo kwa miaka saba. Walioachwa nje ya marufuku hiyo ni wanajeshi wa mfalme. Sheria ilifutwa mwaka 1782. Kizazi kizima kilikua kikiona kilti ikivaliwa kihalali na askari, wa kikosi cha Black Watch na vingine vilivyoundwa baadaye, na siyo na baba zao mashambani. Vazi lilipotoka kwa mchungaji likaingia ghalani mwa jeshi, lilikatwa kwa kipimo kimoja na kufungamana na sifa za askari: ukakamavu, kustahimili baridi, kutojali maumivu. Katika mazingira hayo, kukaa bila nguo ya ndani kuligeuka alama ya uaskari. Visa vya ofisa anayekagua gwaride kwa kioo bado vinasimuliwa. Viwe vya kweli au vya kutungwa, vinaonyesha ni wapi desturi hii ilikuwa na walinzi.

Lakini kabla ya jeshi kuifanya fahari, watu wa nje walikuwa wameifanya aibu. Edmund Burt, Mwingereza aliyekuwa kazini Nyanda za Juu katika miaka ya 1720 na 1730, aliandika barua zilizochapishwa mwaka 1754. Humo analalamika kwamba kilti ni fupi mno, kiasi kwamba siku ya upepo, au mtu anapopanda mlima au kuinama, utovu wa stara unaonekana. Wenyeji hawakuandika malalamiko ya namna hiyo. Kwao miguu wazi ilikuwa njia ya kuvuka vijito na matope bila kulowanisha nguo.

Mwaka 1815, baada ya Waterloo, Waskoti walikuwa miongoni mwa majeshi yaliyoikalia Paris, na wachoraji wa katuni wa Kifaransa hawakuchoka kuwachora wanawake wakichungulia chini ya kilti. Mwezi Agosti mwaka huo Tsar Alexander I wa Urusi aliomba kuwaona askari wachache wa kikosi cha 79 katika kasri la Élysée. Sajini Thomas Campbell aliacha maelezo ya tukio hilo. Tsar alimkagua soksi, akamfinya ngozi ya mguu akidhani kuna kitambaa juu yake, kisha akamwinua kilti hadi kitovuni apate uhakika. Waandishi wengi hukirudia kisa hiki kwa kicheko. Mimi nakisoma kwa namna nyingine. Sajini alikuwa chini ya amri, mbele ya mfalme wa dola kubwa, na hakuwa na nafasi ya kukataa. Mwili wake ulitazamwa kama bidhaa ya maonyesho. Hakuna Mrusi wala Mfaransa katika kasri lile aliyefunuliwa nguo zake ili udadisi wa mtu utulie.

Aliye na madaraka huvaa atakavyo, na mwaka 1822 ulilithibitisha hilo. Mfalme George IV alipozuru Edinburgh, katika sherehe zilizopangwa na mwandishi Sir Walter Scott, alivaa kilti fupi, na ndani yake soksi za kubana za rangi ya ngozi zilizomsitiri miguu yote. Mchoraji David Wilkie, katika picha aliyoimaliza mwaka 1829, aliziondoa. Kwa hiyo katika siku zile zile kilti ilipopandishwa kuwa vazi la taifa zima, mvaaji wake mashuhuri kuliko wote alikuwa amejistiri vizuri, na picha rasmi ndiyo iliyomvua.

Vita Kuu ya Kwanza ilionyesha gharama ya sifa hizo. Katika mahandaki, mikunjo ya kilti ilikuwa maficho ya chawa. Tope liliganda pindoni na kuchana ngozi nyuma ya magoti. Gesi ya haradali, iliyoanza kutumiwa mwaka 1917, huunguza zaidi ngozi yenye unyevunyevu, na kilti haikuweza kuizuia. Vita vya Pili vilipoanza jeshi liliiondoa kilti katika mavazi ya mapigano, na hatari ya gesi ilikuwa moja ya sababu. Karibu miaka thelathini baadaye jambo lile lile likawa mchezo wa sinema: filamu ya Kiingereza Carry On Up the Khyber ya mwaka 1968 imejengwa yote juu ya askari mmoja wa kilti kugunduliwa amevaa chupi, na adui kuacha kuwaogopa wenzake.

Kuna pingamizi linalostahili kujibiwa. Mtu anaweza kusema: hata kama desturi hii ilitoka jeshini, ina zaidi ya miaka mia mbili, na mila haipotezi uhalali kwa kuwa changa. Nakubali. Mskoti anayechagua kuvaa kama babu yake aliyekuwa askari ana haki kamili. Ninachokataa ni kuifanya desturi hiyo kipimo cha nani ni Mskoti. Mnamo 2010 mkuu wa Scottish Tartans Authority alisema hadharani kwamba kutovaa nguo ya ndani ni jambo la kitoto na lisilo safi, akilenga hasa kilti za kukodi. Alilaumiwa na wengi, lakini alikuwa na hoja. Kilti kamili hula kitambaa cha sufu cha takriban mita saba. Ni ghali, na wanaume wengi huikodi kwa ajili ya arusi. Iliyovaliwa na mtu huyu Jumamosi hii itavaliwa na mwingine Jumamosi ijayo. Wanaorusha magogo na nyundo katika michezo ya Nyanda za Juu huvaa kaptura ndani, nao ni miongoni mwa wanaoienzi kilti. Ushauri wangu kwa anayeivaa mara ya kwanza ni huo huo: vaa nguo ya ndani yenye rangi ya giza, keti ukikusanya kitambaa katikati ya magoti, na iache sporani, ule mkoba wa mbele, ikae mahali pake.

Wanaume wa Lamu na Mombasa huvaa kikoi ndani ya kanzu, na wa Oman huvaa wizari ndani ya dishdasha. Kila mtu anajua, na hakuna anayemsimamisha mzee njiani kumwuliza. Stara haikamiliki kwa kitambaa tu. Humhitaji pia mtazamaji anayejua mpaka wa macho yake. Waskoti wamenyimwa sehemu hiyo ya pili kwa muda mrefu, kwa sababu tu swali limezoeleka kuwa utani.

Sheria imeanza kulitambua hilo. Marekebisho ya mwaka 2010 yaliingiza katika sheria ya Uskoti kosa la kumpiga mtu picha chini ya nguo zake bila ridhaa, na sheria ya Uingereza na Wales ya mwaka 2019 ilifuata njia hiyo. Zote mbili hazibagui jinsia: sketi na kilti zinalindwa sawa. Lakini sheria haifiki kila meza. Mwaka 2017 baa moja mjini Inverness, katika makao makuu ya Nyanda za Juu zenyewe, ilitangaza kwamba wahudumu wake wa kiume wanaacha kuvaa kilti kazini, kwa kuwa wateja walikuwa wakiwainua nguo kila mara kutafuta jibu.