Ndoa Mbele ya Afisa

Msomaji, bila shaka umepata kuona wazee wa pande mbili wakiulizana maswali kabla ya mahari kupokewa. Maswali hayo hukusudiwa kuimarisha nyumba mpya. Katika historia yako maswali ya namna nyingine, yaliyoulizwa na serikali kabla mume hajaruhusiwa kumfuata mkewe ng'ambo. Habari ya Uingereza yatosha kuwa mfano.

Mwaka 1969 Uingereza ilipitisha sheria iliyowataka jamaa wa wahamiaji kutoka nchi za Jumuiya ya Madola wapate cheti cha kuingia kabla ya kufunga safari. Mahojiano yakafanywa katika ofisi zake za ng'ambo, kama zile za Dhaka, Islamabad na Delhi. Mwombaji aliketi mbele ya afisa, mara nyingi mkalimani akiwa kati yao. Majibu yake yaliandikwa, na yaliweza kulinganishwa na maneno ya mwenziwe.

Mwaka 1983 mzigo uliongezwa. Mume au mchumba sasa alipaswa kuonyesha kwamba kusudi kuu la ndoa yake si kupata ruhusa ya kuingia Uingereza. Angalia uzito wa sharti hilo. Mtu akishtakiwa kwa wizi, mshtaki ndiye aletaye ushahidi; hapa mtu asiyeshtakiwa alitakiwa athibitishe lile lisilokuwamo moyoni mwake. Wengi wa waombaji walitoka Bara Hindi, ambako kwa desturi ya jamaa nyingi bibi arusi ndiye ahamiaye kwa mumewe. Ikiwa mume ndiye asafiriye, jambo hilo lilitiliwa shaka. Naye akikiri kwamba alitamani pia kazi ya Uingereza, ukweli wake uliweza kumponza.

Jiulize: wageni wangapi walihudhuria arusi ya mwisho uliyoalikwa? Ndugu yako akitaja hesabu nyingine, je, mmoja wenu ni mwongo?

Wanawake watatu waliokaa Uingereza, ambao waume zao walinyimwa ruhusa, walipeleka madai yao katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mwaka 1985 mahakama iliamua kwamba walibaguliwa kwa jinsia yao, maana wanaume waliweza kuwaleta wake zao kwa wepesi zaidi. Serikali ilitii hukumu kwa njia ya ajabu: badala ya kuwapunguzia waume sharti, iliwatwika wake sharti lilo hilo. Usawa ukapatikana, lakini ulikuwa usawa wa dhiki. Kanuni hiyo ilidumu hata ilipofutwa mwaka 1997. Baadaye mizani ikawa ya fedha: mwaka 2012 kiliwekwa kima cha mapato cha pauni 18,600 kwa mwaka, nacho kikapandishwa hadi 29,000 mwaka 2024.

Ndoa za hila zipo, na kila nchi ina haki ya kulinda mlango wake. Lakini karatasi haionyeshi yote yaliyo moyoni, na sheria impayo mtu kazi ya kuthibitisha nia yake humwumiza mkweli pamoja na mwongo.