Mfalme Mutlaki

Kitabu kipya cha historia ya sekondari kinamwita Louis XIV wa Ufaransa "mtawala wa kiimla". Nimeambiwa istilahi hiyo ilipitishwa na kamati. Naamini, mtu mmoja peke yake angeona haya.

Imla ni kumsomea mtu maneno ayaandike, na kila aliyepita shule ya msingi anaikumbuka. Kuipeleka ikulu ni kutafsiri "dikteta", neno litokanalo na kitenzi cha Kilatini dictare. Kwa dikteta, sina ugomvi. Lakini dikteta wa Roma ya kale aliteuliwa kwa mujibu wa sheria, na muda wake haukuzidi miezi sita. Louis alirithi kiti mwaka 1643 akiwa mtoto, akakiachia kaburini mwaka 1715.

Dhana tunayoitafutia neno, absolute kwa Kiingereza, ina ukoo mwingine. Absolutus ya Kilatini ni kilichofunguliwa, kutoka solvere, kulegeza fundo. Wanasheria wa Roma walimhesabu kaisari kuwa amefunguliwa sheria, na mwanasheria Mfaransa Jean Bodin akaifufua hoja hiyo mwaka 1576, Wafaransa wakichinjana kwa ajili ya dini. Sasa tazama Kiarabu: mutlaq, kilichoachiwa, mzizi t-l-q. Ndio uliotupa talaka! Mfalme mutlaki ameitaliki sheria. Tena Bodin hakumruhusu talaka tatu: sheria ya Mungu na ya maumbile ilibaki juu yake, na mikataba aliyofunga na raia ilimbana. Imla itayabeba wapi hayo?

Fundo lenyewe lilionekana Paris. Mahakama iliyoitwa Parlement ndiyo iliyosajili amri za mfalme, na iliweza kuzipinga kabla ya kuzisajili. Agosti 1648, katika mvutano wa kodi, serikali ilimkamata Broussel, hakimu mzee, na wenyeji wakaziba mitaa kwa mapipa na minyororo. Ndivyo ghasia za Fronde zilivyowaka. Louis hakusahau: mwaka 1673 aliamuru mahakama hiyo isajili kwanza, ilalamike baadaye.

Yupo mwenzetu, mwingi wa vyeti, anayeng'ang'ania "mamlaka kamili". Mkusanya ushuru wa sokoni naye ana mamlaka kamili ya kukata risiti, na sheria imemfunga mikono na miguu. Ukamili ni wa kiasi; hapa tunazungumzia kifungo.

Wengine wamenung'unika kwamba mutlaki ni Kiarabu mno. Wamenung'unika kwa kutumia sheria, haki, raia na dola, maneno ya Kiarabu yote, na serikali, ambayo ni ya Kiajemi. Hilo neno kamati nalo sijui lilizaliwa Lamu mtaa gani.

Matumizi: mfalme mutlaki, wafalme mutlaki, mamlaka mutlaki, mfumo wenyewe, umutlaki. Kivumishi hakipokei kiambishi, kama hodari na safi.