Jubaland: mkoa uliolipwa kama deni la vita

Kwa takriban miaka 30, nahodha aliyetweka tanga Mombasa na kushika njia ya kaskazini, akapita Lamu, Pate na Kiunga, hakuvuka mpaka wowote hadi alipofika mlango wa Mto Juba. Kismayu ulikuwa mji wa utawala uleule uliokuwa Mombasa na Nairobi. Jimbo lake liliitwa Jubaland, na katika ramani za Waingereza lilikuwa kona ya kaskazini-mashariki ya nchi tunayoiita leo Kenya.

Tarehe 29 Juni 1925 Waingereza waliukabidhi mji huo na jimbo lote kwa Italia. Waitalia walilipa eneo hilo jina la Oltre Giuba, yaani ng'ambo ya Juba, wakalifanya koloni la peke yake lenye mtawala wake na stempu zake za posta. Tarehe 30 Juni 1926 koloni hilo likafutwa na ardhi yake ikaunganishwa na Somalia ya Kiitalia. Uhai wake wote ulikuwa mwaka mmoja na siku moja.

Vitabu vingi vya historia ya Afrika Mashariki hulipita jambo hili kwa sentensi moja, ama haviligusi kabisa. Hiyo ni dhulma kwa wasomaji wetu, kwa sababu mpaka uliochorwa kwa ajili ya koloni hilo la mwaka mmoja ndio unaotenganisha Kenya na Somalia hadi leo, na bei yake ilihusiana moja kwa moja na Tanganyika.

Nchi ya mto, nyika na visiwa

Oltre Giuba ilikuwa na eneo la kilomita za mraba zipatazo 87,000, na wakazi wake walikadiriwa kuwa 120,000. Upande wa mashariki ilipakana na Mto Juba, upande wa kusini Bahari ya Hindi, na upande wa magharibi mstari mpya wa mpaka na Kenya. Ikweta inapita humo, kaskazini kidogo ya Kismayu.

Mto wenyewe ndio uti wa mgongo wa nchi hiyo. Maji yake hutoka nyanda za juu za Ethiopia kwa mito ya Genale na Dawa, ambayo hukutana karibu na Dolo, kisha hushuka kusini hadi baharini mahali paitwapo Gobwen, karibu na Kismayu. Kutoka kingo za mto kuelekea magharibi huanza nyika kavu ya miiba, nchi ya wafugaji wa ngamia, ng'ombe na mbuzi. Katika nyika hiyo hupita mkondo wa Lak Dera, unaotoka kinamasi cha Lorian nchini Kenya na kutiririka katika misimu ya mvua kubwa tu. Visima vya Afmadow na El Wak vilikuwa na thamani kuliko mji wowote, kwani atawalaye kisima hutawala malisho yanayokizunguka.

Wenyeji wake walikuwa wa makundi matatu makubwa. Nyikani waliishi Wasomali wa koo za Ogaden, Marehan na nyinginezo, wakati Kismayu ilikuwa na wafanyabiashara wa ukoo wa Harti pamoja na Waarabu na Waswahili. Pwani na visiwani, kuanzia Kismayu kushuka hadi Ras Kiamboni, waliishi Wabajuni, wavuvi na mabaharia wasemao lahaja ya Kiswahili. Visiwa vya Koyama, Chovai na Chula ni vyao, na ndugu zao wako Faza, Kizingitini na Kiunga upande wa Kenya.

Kundi la tatu liliishi katika misitu ya mtoni iitwayo Gosha. Hawa walikuwa wakulima, wengi wao uzao wa watu waliotekwa au kuuzwa kutoka nchi ambazo leo ni Tanzania, Msumbiji na Malawi. Katika karne ya 19 walivunja utumwa katika mashamba ya Wasomali wa pwani na bonde la Shebelle, wakakimbilia misitu ya Juba. Mbung'o waliojaa humo waliwazuia wafugaji wasiingize mifugo yao, hivyo msitu ukawa ngome. Miongoni mwao walikuwamo Wazigua kutoka sehemu za Handeni na Tanga, ambao waliilinda lugha yao vizazi hata vizazi. Kiongozi wa Gosha aliyevuma zaidi, Nassib Bundo, alijulikana kwa Wazanzibari, Wamisri, Waingereza na Waitalia.

Kutoka Zanzibar hadi Nairobi

Kabla ya Wazungu kuigawa, pwani hiyo ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, ingawa amri yake haikwenda mbali na kuta za mji. Mwaka 1865 Baron Karl Klaus von der Decken, Mjerumani aliyekuwa ameukwea Mlima Kilimanjaro kwa sehemu, alijaribu kuupanda Mto Juba kwa meli. Meli yake iliharibika kwenye maporomoko ya juu ya Bardera na yeye mwenyewe akauawa. Miaka 10 baadaye, Khedive Ismail wa Misri alituma manowari zikaikalia Kismayu. Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash, alilalamika London, na Wamisri wakalazimika kuondoka.

Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kuitambua Kismayu kuwa miongoni mwa milki za Sultani. Kisha tarehe 24 Machi 1891 Uingereza na Italia ziliufanya Mto Juba kuwa mpaka wa maeneo yao: kusini na magharibi kwa Mwingereza, kaskazini na mashariki kwa Mwitalia. Wakulima wa Gosha, waliokuwa na mashamba kingo zote mbili, walijikuta wamegawanywa kati ya dola mbili. Mwaka 1895 Uingereza ilipotangaza himaya yake ya Afrika Mashariki, Jubaland ikawa mojawapo ya majimbo yake.

Utawala huo haukupokelewa kwa mikono miwili. Novemba 1900 Arthur Jenner, msimamizi wa jimbo, aliuawa na Waogaden akiwa safarini nyikani, na mwaka uliofuata Waingereza walipeleka jeshi kulipiza kisasi. Februari 1916, Waaulihan, tawi la Waogaden, wakiongozwa na Abdurrahman Mursal waliishambulia ngome ya Serenli, ng'ambo ya Bardera, wakamuua ofisa wake, Luteni Francis Elliott, pamoja na askari wengi. Kwa muda Waingereza waliiacha sehemu kubwa ya bara na kubaki karibu na pwani. Kwa hazina ya Nairobi, Jubaland ilikuwa jimbo lenye gharama kubwa na kodi ndogo. Jambo hilo liliwarahisishia wakubwa wa London uamuzi wa kuliachia.

Deni la vita

Chanzo halisi cha kuachiwa huko kilikuwa Ulaya. Tarehe 26 Aprili 1915, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imepamba moto, Uingereza, Ufaransa na Urusi zilitia saini mkataba wa siri na Italia jijini London. Italia iliahidi kuingia vitani upande wao. Ibara ya 13 ilisema kwamba iwapo Uingereza na Ufaransa zitapanua makoloni yao ya Afrika kwa kuchukua ya Ujerumani, Italia itakuwa na haki ya kudai fidia, hasa katika mipaka ya Eritrea, Somalia na Libya.

Vita ilipokwisha, Ujerumani ilinyang'anywa makoloni yake yote. Afrika Mashariki ya Kijerumani iligawanywa: Ubelgiji ilipewa Ruanda na Urundi, na Uingereza ikapata sehemu kubwa zaidi, ambayo mwaka 1920 ilipewa jina la Tanganyika. Italia haikupata kitu katika mgawo huo, ikaja na ibara yake ya 13 mkononi kudai malipo.

Mwaka 1920 Alfred Milner, waziri wa makoloni wa Uingereza, na Vittorio Scialoja, waziri wa mambo ya nje wa Italia, walikubaliana kwamba malipo hayo yatakuwa Jubaland. Utekelezaji ukachelewa, kwani Uingereza ilitaka kuufungamanisha mkataba huo na mzozo wa visiwa vya Dodecanese katika Bahari ya Mediterania. Jubaland ikawa rehani ya visiwa vya Kigiriki ambavyo hakuna mwenyeji wa Afmadow aliyewahi kuvisikia. Hatimaye, tarehe 15 Julai 1924, serikali ya Ramsay MacDonald ilitia saini mkataba na Italia, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Benito Mussolini.

Hilo ndilo jambo ambalo kila msomaji wa Afrika Mashariki anapaswa kulishika. Uingereza iliichukua Tanganyika, na sehemu ya bei ikalipwa kwa watu wa Juba. Wasomali, Wabajuni na Wagosha hawakuulizwa, kama ambavyo watu wa Tanganyika nao hawakuulizwa.

Mwaka mmoja wa Oltre Giuba

Roma ilimteua Corrado Zoli kuwa kamishna mkuu wa Oltre Giuba, na makao yake yakawa Kismayu. Swali la kujiuliza ni kwa nini Waitalia hawakuliunganisha jimbo hilo na Somalia tangu siku ya kwanza, ilhali gavana wao Cesare Maria De Vecchi alikuwa tayari Mogadishu. Mwenendo wa mambo unadokeza jibu. Nchi mpya ilihitaji kupokewa kutoka kwa Waingereza, kupimwa na kuwekewa utawala, tena De Vecchi alikuwa ameshikwa na kampeni ya kuwanyang'anya Wasomali silaha na kuzishinda kwa nguvu dola ndogo za kaskazini.

Katika mwaka huo mmoja stempu za Italia zilipigwa chapa ya jina la Oltre Giuba, na mwaka 1926 zikatoka nyingine zenye ramani ya koloni lenyewe. Wakusanyaji wa stempu duniani bado wanazitafuta. Kazi nzito zaidi ilikuwa mpaka. Tume ya Waingereza na Waitalia ilitembea nyikani kupima mstari kuanzia Mto Dawa, kupita El Wak, kisha kushuka kusini kwa sehemu ndefu juu ya meridiani ya 41 mashariki, hadi pwani karibu na Ras Kiamboni, mahali paitwapo Dar es Salam, jina lilelile la jiji kubwa la Tanzania. Tume ilimaliza kazi yake na makubaliano yakatiwa saini tarehe 17 Desemba 1927. Koloni lililosababisha kazi hiyo lilikuwa limekwishakufa.

Mstari uliobaki

Baada ya kuunganishwa na Somalia, bonde la Juba liligeuzwa kuwa nchi ya mashamba makubwa ya Waitalia, hasa ya migomba. Wagosha, ambao babu zao waliukimbilia msitu ili wawe huru, walilazimishwa kulima mashamba hayo. Februari 1941 majeshi ya Jenerali Alan Cunningham, wakiwamo askari wa Keya (King's African Rifles), yalivuka mpaka kutoka Kenya na kuiteka Kismayu. Uingereza ikawa tena na nchi yote hiyo mikononi, lakini haikuirudisha Kenya. Mwaka 1960 iliingia katika Somalia huru.

Upande wa pili wa mstari, Wasomali wa Garissa, Wajir na Mandera walibaki Kenya. Mgogoro wa kutaka kujiunga na Somalia ulizaa Vita vya Shifta, vilivyoanza 1963 na kupoa baada ya mapatano ya Arusha, Oktoba 1967. Serikali ya Mogadishu ilipoanguka mwaka 1991, wakimbizi walivuka mstari uleule kuingia kambi za Dadaab nchini Kenya, na Wabajuni wakapakia jahazi kwenda Lamu na Mombasa kwa jamaa zao. Baadhi ya Wazigua wa Juba walifika Tanga, wakapewa makazi Chogo, wilayani Handeni, na baadaye uraia wa Tanzania. Walirudi katika nchi ya mababu baada ya zaidi ya karne moja na nusu, wakiwa bado wanasema Kizigua.

Mwaka 2013 jina la Jubaland lilirudi, safari hii kama jimbo ndani ya shirikisho la Somalia. Mikoa yake ya Gedo, Juba ya Kati na Juba ya Chini inalingana kwa sehemu kubwa na Oltre Giuba ya 1925. Na tarehe 12 Oktoba 2021, Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague ilipotoa hukumu ya mpaka wa baharini kati ya Somalia na Kenya, ilianzia pale ambapo mpaka wa nchi kavu unafika pwani, kwa mujibu wa mkataba wa 1924 na kazi ya ile tume. Kenya iliikataa hukumu hiyo, lakini haikukana mahali mpaka wa nchi kavu unapoanzia.

Historia hii ni ya Kenya, ya Somalia na ya Tanzania kwa pamoja, na haifai kuachiwa wakusanyaji wa stempu na mawakili wa mipaka. Wazee wa Kibajuni wa visiwani na wazee wa Kizigua wa Chogo bado wanayo masimulizi yake, wakati nyaraka za Waingereza zinasomeka Nairobi. Walimu, wanahabari na vyuo vikuu vyetu wakayakusanye masimulizi hayo sasa, maana kila mwaka wanaoyajua wanapungua.